Deni la kababu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Sasa ni saa saba na nusu usiku hapa Ziwa. Nangoja hifadhidata ya mteja ihamishwe kutoka seva moja hadi nyingine, na tarakilishi inaniambia imefika asilimia 41. Nusu saa iliyopita ilikuwa inaniambia hivyo hivyo. Nina njaa. Jikoni kuna ugali uliobaki jana na mursik. Nje hakuna mtu. Ziwa ni kituo cha wakulima, kaskazini mwa Eldoret, na watu wa hapa hulala mapema kwa sababu ng'ombe hasahau saa yake ya kukamuliwa. Isipokuwa msimu wa mavuno, malori yanapopakia mahindi hadi usiku, ukitoka saa hii kutafuta chakula cha kununua utakutana na mbwa tu.

Kwa hivyo leo siandiki juu ya programu. Naandika juu ya kababu, na juu ya deni ambalo sijalipa.

Nilifika Nairobi mwaka wa 2011. Ilikuwa miaka ya shamrashamra kwa watu wa kazi yetu. iHub ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu nyuma, 2010, kule Ngong Road, na kila kijana aliyejua kuandika mistari kumi ya PHP alikuwa na wazo la kampuni. Mimi pia nilikuwa na wazo, nilichokosa ni nauli. Nilipata kazi katika ofisi ndogo katikati ya mji, ghorofa ya nne, tukitengeneza tovuti za watu. Tovuti ilipohitaji kubadilishwa tulifanya hivyo usiku, ili watumiaji wasione ikianguka. Na mara nyingi ilianguka :-)

Nyumbani kwangu kulikuwa Githurai 45, chumba kimoja. Anayeijua Nairobi anajua hesabu hiyo. Ukimaliza kazi saa saba usiku, matatu zilizobaki ni chache, nauli imepanda mara mbili, na ukishuka bado kuna giza la kuvuka hadi mlangoni. Teksi ilikuwa pesa ya chakula cha wiki nzima. Kulala ofisini hakukuruhusiwa, mlinzi alikuwa anafunga jengo. Basi kulikuwa na saa tatu, kutoka saa saba hadi saa kumi alfajiri magari yanapoanza kujaa tena, ambazo sikuwa na mahali pa kuziweka.

Saa tatu ni nyingi ukiwa umesimama. Ukitembeatembea mjini wakati huo utaulizwa na askari unatoka wapi, au utaulizwa na wengine una nini mfukoni. Baa zilikuwa wazi, lakini kiti cha baa kinalipiwa kwa chupa, na kila chupa ikiisha mhudumu anakuja kukuangalia.

Nilikuwa na tabia ya kwenda kusimama River Road, karibu na mahali magari ya Eldoret yalipokuwa yakipakia. Si kwamba nilikuwa nasafiri. Nilipenda tu kusikia watu wakiongea Kikalenjin. Usiku mmoja makanga mmoja alinitazama akanionea huruma. "Wewe unangoja nini hapa nje na baridi yote hii? Enda pale kwa Mzee, kuna kababu."

Mahali penyewe palikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu. Mbele kulikuwa na karai la mafuta juu ya jiko la makaa, na kabati la kioo lenye balbu ndani. Nyuma kulikuwa na meza mbili na mabenchi marefu. Mwenyewe alikuwa mzee wa Mombasa, kofia kichwani, sweta juu ya shati. Nikamwuliza kababu ni pesa ngapi.

"Kwenu hamwamkii?" akaniuliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wataka ngapi?"

"Moja ni pesa ngapi?"

"Sikukuuliza pesa. Nimekuuliza wataka ngapi. Watoka wapi, mwanangu?"

"Ziwa."

"Ziwa lipi? La Kisumu?"

"Hapana mzee, Ziwa ya Eldoret. Hiyo ni jina tu. Kwetu ni mahindi."

Akacheka sana. Tangu usiku huo hakuniita kwa jina langu hata siku moja, aliniita Ziwa. "Ziwa, leo umechelewa." "Ziwa, kaa huko ndani, kuna upepo."

Wasomaji wa nje ya Kenya wakisikia kababu wanafikiria mlima ule wa nyama unaozunguka mbele ya moto, unakatwa kwa kisu na kutiwa ndani ya mkate. Kababu yetu ni nyingine. Ni nyama ya kusaga iliyochanganywa na kitunguu, dhania, bizari na mkate uliolowekwa, ikafinyangwa kama kidole kinene, ikachovywa kwenye yai na kutiwa kwenye mafuta. Mshikaki unahitaji nyama laini, la sivyo mteja atatafuna hadi asubuhi. Kababu haina shida hiyo. Mashine ya kusaga haijali nyama ilitoka shingoni au mguuni, na mkate unaongeza uzito. Ndiyo maana chakula hiki kinaweza kuuzwa rahisi.

Rahisi kiasi gani? Mwaka wa 2013, usiku mmoja wa mvua na wateja wachache, nilimwomba anipe hesabu. Mimi ni mtu wa hesabu, siwezi kukaa mbele ya kitu bila kukifungua nione kinavyofanya kazi. Kwa kilo moja ya nyama alinipa hivi:

- nyama, shilingi 400
- nusu mkate, 25
- kitunguu, dhania na bizari, 60
- mayai manne, 48
- mafuta, 60
- makaa, 40

Jumla 633. Kilo hiyo inatoa kababu 25, moja shilingi 30, yaani 750. Faida 117. Usiku mzuri aliuza kilo sita, faida shilingi 702. Toa kodi ya chumba, toa kijana wa kuosha vyombo, toa leseni. Nikamwambia, "Mzee, hii biashara haiwezi kukulisha."

"Kababu hainilishi. Chai ndiyo yanilisha."

Chai ilikuwa shilingi 15 kikombe, na maji, majani, sukari na maziwa havikufika nusu ya hiyo. Hakuna aliyekula kababu bila chai, na hakuna aliyekunywa kikombe kimoja akikaa hadi alfajiri. Nikaelewa. Ni kama wale wanaotoa programu bure na kulipwa kwa kuwasaidia watu kuitumia, ila yeye alikuwa akifanya hivyo kabla mimi sijajua kuwasha tarakilishi.

Lakini nilichukua muda zaidi kuelewa alikuwa anauza nini hasa. Kababu moja na chai moja ni shilingi 45. Kwa shilingi hizo 45 ulipata benchi, ukuta wa kuegemea, mwanga, na mtu aliyejua kuwa upo. Hakuna aliyekuuliza utaondoka saa ngapi. Ukisinzia, kijana alizungusha kitambaa kando ya mkono wako akaendelea. Waliokaa pale walikuwa wabeba mizigo wakingoja malori ya mboga yafike Marikiti, walinzi waliobadilishana zamu, makanga, wauza magazeti wakingoja magazeti yatoke, abiria wa mbali waliofika usiku na kuogopa kuingia mitaani kabla ya kupambazuka. Na mimi na laptopu yangu, nikiwa nimeifungia ndani ya mfuko wa unga ili isijulikane.

Nairobi ni mji ghali, kila mtu anasema hivyo, na huwa tunamaanisha kodi na bei ya vitu. Lakini kuna gharama moja ambayo sikuwahi kuiona ikihesabiwa, nayo ni bei ya kuwa mahali fulani usiku ukiwa huna chumba karibu wala gari. Pale kwa Mzee bei hiyo ilikuwa shilingi 45. Sikujua mahali pengine ilipokuwa chini ya mia tano.

Na kama huna 45, kulikuwa na daftari.

Lilikuwa daftari la shule, jalada la samawati, nyuma lina jedwali la kuzidisha. Kila mdaiwa alikuwa na ukurasa wake, na juu ya ukurasa aliandika jina alilolijua yeye: Fundi, Gazeti, Mama Sukuma, Ziwa. Mwaka wa 2014 nilikuwa nimejifunza kutengeneza programu za simu, na kama kawaida ya mtu aliyepata nyundo mpya, niliona misumari kila mahali. Nikamwambia nitamtengenezea programu ya madeni, bure. Itajumlisha yenyewe, na kila mwisho wa mwezi itampelekea mdaiwa ujumbe.

Akafikiri kidogo. "Mtu akipata ujumbe kwamba adaiwa, atakuja kula usiku huo?"

"Labda ataogopa."

"Basi hiyo programu yako yanifukuzia wateja."

Akanifungulia daftari nione. Kulikuwa na kurasa zilizopigwa mstari katikati bila kulipwa. "Huyu alifiwa," akasema. "Huyu alifutwa kazi, akaona haya kupita hapa, nikamtumia mtu amwambie aje tu." Mimi nilikuwa nimeshachora jedwali langu kichwani: jina, tarehe, kiasi, hali ya malipo. Halikuwa na safu ya kufiwa. Sikumtajia tena jambo hilo.

Miaka ikaenda. Kababu ikafika shilingi 40. Niliacha ile ofisi nikaanza kujitegemea, na nikapata wateja wa ng'ambo, ambao mchana wao ni usiku wetu. Sasa sikukaa kwa Mzee kwa kukosa nauli, nilikaa kwa kuwa nimezoea. Halafu mwanzo wa 2020 mteja mmoja, ambaye peke yake alikuwa karibu mapato yangu yote, akaacha kulipa. Januari akasema wahasibu wako likizo. Februari akasema benki. Machi hakujibu baruapepe. Nilikuwa na kodi ya nyumba na karo ya mdogo wangu. Kwa wiki kumi hivi nililishwa na Mzee: kababu mbili, chapati, chai, usiku baada ya usiku. Aliandika, hakusema kitu. Mara moja tu nilijaribu kuomba radhi, akanikatiza. "Ziwa, kula. Chai yapoa."

Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Tarehe 25 ikatangazwa kafyu, kuanzia tarehe 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mzee alikuwa anafungua saa tatu usiku na kufunga saa kumi na mbili asubuhi. Tazameni saa hizo vizuri. Kafyu haikumpunguzia biashara, iliichukua karibu yote. Sisemi haya kulaumu, ugonjwa ulikuwa unaua watu na hakuna aliyejua la kufanya. Nasema tu kwamba kuna watu ambao siku yao yote ilikuwa ndani ya saa zile zilizofungwa.

Tarehe 26 nilipita kumwaga. Nilikuwa naenda nyumbani, nikidhani ni kwa wiki mbili. Tulijumlisha: shilingi 3,150. Nikamwambia nikirudi nitalipa yote. "Nenda salama. Deni haliozi," akasema, akanifungia kababu nne kwenye gazeti za kula njiani. Sijui kama aliziandika.

Tarehe 6 Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa. Wiki mbili zikawa miezi, nami nikawa mtengenezaji wa programu wa Ziwa, tarakilishi juu ya meza ya chakula, intaneti kutoka kwa simu iliyofungwa kwa kamba dirishani.

Juni mteja akalipa. Wote. Nikakaa na simu mkononi kumtumia Mzee pesa yake, na hapo ndipo nikagundua sina namba yake.

Nataka msomaji aelewe ujinga huu. Mimi ni mtu wa kuweka nakala. Msimbo wangu uko mahali patatu. Picha za harusi ya dada yangu ziko mahali pawili, na hata siko kwenye picha hizo. Kwenye simu nilikuwa na namba za watu ambao siwezi kukumbuka tulikutana wapi. Lakini mtu aliyenilisha wiki kumi sikuwa na namba yake, kwa sababu sikuwahi kuihitaji. Nikimtaka, nilikwenda, alikuwepo. Kazini tunafundishwa kuogopa mfumo wenye sehemu moja ambayo ikifa yote yanakufa. Nilikuwa nimeujenga mfumo huo mwenyewe na sikuuona.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Desemba 2020, kutuma pesa kwa M-Pesa kiasi kisichozidi shilingi 1,000 hakukuwa na ada, ili watu waache kushika noti. Ningetuma 1,000 mara tatu, kisha 150. Ningelipa deni lote bila kutozwa hata senti. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa tarakimu kumi.

Julai njia zikafunguliwa. Kwa nini sikwenda? Nimejiuliza. Kwanza niliogopa ugonjwa. Halafu nikajiambia kafyu bado ipo, hatakuwa amefungua. Halafu, niseme ukweli, nikazoea. Ni rahisi kuishi na deni ambalo mwenyewe hakupigii simu. Yeye alilijua hilo kuhusu watu, ndiyo maana hakupiga.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Mwezi uliofuata nikapanda gari la Nairobi na noti za 3,150 ndani ya bahasha, na 2,000 juu yake. Nikafika River Road saa nne usiku. Pale palipokuwa na karai kulikuwa na ukuta wa makava ya simu, ya kila rangi, na kijana mmoja akifunga duka. Hakumjua Mzee. Mlinzi wa jengo la pili alimjua. "Alijaribu kuuza mchana miezi miwili hivi," akaniambia. "Lakini mchana hapa kila mtu anauza. Watu wake walikuwa wa usiku. Akasema anarudi kwao pwani." Pwani wapi? Hakujua. Jina lake kamili? Akanitazama. "Si tulikuwa tunamwita tu Mzee."

Nilikaa mjini hadi asubuhi. Nililipa chumba cha kulala, shilingi 1,500.

Huwa najaribu kujituliza kwa hesabu. Najiambia hata bila kafyu asingefika mbali. Mwaka wa 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano na mafuta, na tarehe 28 Aprili mwaka huo Indonesia ikazuia kuuza nje mafuta ya mawese kwa karibu mwezi mzima. Karai lake lilitumia mafuta hayo hayo. Nikiweka bei za mwaka huo katika ile orodha ya kilo moja, kababu ya shilingi 40 inakuwa hasara hata kabla ya kuwasha jiko. Angepandisha hadi 60, na wabeba mizigo wangehesabu mara mbili kabla ya kukaa. Si yeye peke yake. Huko Ujerumani, ambako kababu ya kuzunguka ni chakula cha kila mtu, bei ilipanda hadi chama cha Die Linke kikapendekeza mwaka wa 2024 serikali iweke kikomo, yuro 4.90, na 2.90 kwa vijana. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mtu ambaye hajawahi kutegemea chakula cha saa nane usiku ataona ni jambo la mzaha.

Lakini hesabu hiyo hainitulizi, kwa sababu mimi nilikuwa sehemu yake. Faida ya kilo moja 117. Deni langu lilikuwa faida ya karibu kilo 27 za nyama. Alipokuwa akijaribu ile miezi miwili ya mchana, pesa hiyo ilikuwa kwangu.

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji. Nilikuwa mjini siku hiyo, kulikuwa na vuvuzela na bendera, na rafiki zangu wakaanza kubishana jiji ni nini: ni barabara, ni hospitali, ni uwanja wa ndege? Waliniuliza mtu wa tarakilishi anasemaje. Nikasema mimi nina kipimo kimoja tu. Mtu afike kwa gari saa nane usiku akiwa na shilingi 50, hajui mtu. Atakaa wapi hadi asubuhi? Wakadhani natania.

Basi, ombi langu kwa wasomaji, hasa wa Mombasa, Malindi, Lamu na huko kote. Kama una babu au mjomba aliyewahi kukaanga kababu usiku River Road, mwulize kama anamkumbuka Ziwa. Kama daftari bado liko, ukurasa upo. Akisema alishaupiga mstari, mwambie Ziwa hakufiwa, alichelewa tu. Pesa ipo, na ile bahasha sijaifungua. Safari hii naomba namba ya simu.

Hifadhidata imefika asilimia 43. Naenda kula ugali baridi.